Trekta haliwaki mpaka ufunguo utikiswe: je, swichi itengenezwe au ibadilishwe?

SWALI: Trekta langu la dizeli, la zamani kidogo, limeanza kusumbua kuwaka. Wakati mwingine nikizungusha ufunguo stata inanyamaza kabisa, ila nikiutikisatikisa ufunguo au nikirudia mara kadhaa linawaka. Taa za dashibodi zinawaka kama kawaida. Jirani amenionyesha namna ya kuliwasha kwa kugusisha bisibisi kwenye stata, na linawaka. Nimeshanunua swichi mpya, lakini ina terminali tano ilhali ya zamani ina sita. Je, nitengeneze ya zamani au nifunge mpya, na nyaya nitaziunganishaje?

JIBU: Ndugu msomaji, swichi ya ufunguo ikishaungua ndani hubadilishwa, na swichi ya terminali tano inaweza kufaa mahali pa ile ya sita endapo utajua kila waya unafanya kazi gani. Hata hivyo, kwa maelezo uliyoleta bado ni mapema kuihukumu swichi hiyo. Taa kuwaka vizuri huku stata ikinyamaza, kisha stata ikaitika baada ya kurudiarudia, ni dalili zinazoweza kuletwa pia na swichi ndogo ya usalama iliyo kwenye gia au chini ya pedali ya klachi, au na waya uliolegea nyuma ya stata. Mtu anayetikisa ufunguo mara nyingi hutikisa na vitu vingine bila kujua: anakanyaga klachi upya, anagusa mkono wa gia, anaisukuma dashibodi pamoja na nyaya zilizo nyuma yake. Stata ikiitika, sifa zote zinakwenda kwa ufunguo. Kupima kutakuchukua muda mfupi kuliko kuifungua swichi yenyewe, kwa hiyo ile mpya ibaki kwanza kwenye boksi lake.

Kabla ya vipimo, niseme juu ya bisibisi. Kugusisha terminali za stata kunapeleka umeme moja kwa moja kwenye stata bila kupita kwenye swichi ya ufunguo wala swichi za usalama. Anayefanya hivyo husimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na kama trekta limeachwa kwenye gia, injini inaweza kushika papo hapo na gurudumu la nyuma likampanda kabla hajawahi kurudi nyuma hatua moja. Watu wamekufa kwa namna hii katika nchi nyingi, na ndiyo sababu watengenezaji wengi wa matrekta huifunika solenoidi, yaani swichi ya sumaku-umeme iliyo juu ya stata, kwa kifuniko na kubandika onyo juu yake. Jaribio la jirani yako limetuonyesha kwamba betri na stata huenda ni nzima, jambo ambalo lingejulikana kwa njia salama pia. Lisirudiwe.

Umeme wa kuwashia hupita hivi. Kutoka kwenye betri waya mnene huenda kwenye stata, na kutoka hapo, au kupitia sanduku la fyuzi, waya mwembamba zaidi hupanda hadi terminali ya kuingilia ya swichi ya ufunguo. Ufunguo ukizungushwa hadi mwisho, umeme huo hutoka kwa terminali ya stata, hupita kwenye swichi ya usalama ya gia, ya klachi au zote mbili, na katika matrekta mengine ile ya PTO (shafti inayoendesha zana kwa nguvu ya injini) pia, kisha hufika kwenye solenoidi iliyokaa mgongoni mwa stata. Solenoidi ndiyo inayoisukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na wakati huohuo kuufungulia njia umeme mkubwa wa mamia ya ampea. Swichi ya ufunguo haibebi kamwe umeme huo mkubwa. Inabeba wa solenoidi tu. Lakini hata huo si mdogo, kwa kuwa katika stata kubwa za dizeli solenoidi inaweza kuvuta zaidi ya ampea 30 kwa ule muda mfupi inapojivuta, na huo ndio unaozila shaba za ndani ya swichi mwaka hadi mwaka. Ninayoyasema hapa yanahusu trekta kama lako, ambalo ufunguo wake hupitisha umeme wenyewe. Katika matrekta mengi mapya ufunguo hutuma ishara tu kwa kompyuta, na hayo huhitaji kupimwa kwa kufuata mchoro wa umeme wa modeli husika.

Anza na betri, hata kama taa zinang'aa, kwa sababu taa za dashibodi hula umeme kidogo mno kiasi kwamba zinaweza kung'aa juu ya betri isiyoweza kuzungusha chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu hivi. Stata ikiwa inazungusha injini, isishuke chini ya 9.6. Kisha subiri hadi trekta likatae, ushikilie ufunguo kwenye nafasi ya kuwashia na uziangalie taa. Zikififia sana au kuzimika, umeme mwingi umeombwa na haukupatikana. Hapo tatizo limo kwenye betri, kwenye vichwa vyake vilivyoota unga mweupe au wa kijani, au kwenye waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi. Zikibaki zinang'aa vilevile na stata iko kimya, basi yaelekea umeme haujafika kwenye solenoidi, na hapo ndipo swichi ya ufunguo na ndugu zake wa usalama wanaposhukiwa.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho ndicho kiini cha jibu langu. Hakikisha trekta liko mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa kabari, PTO imezimwa na zana imeshushwa chini. Kama trekta lina mkono wa kuvuta wa kuzimia injini, uvute ubaki hivyo ili injini isishike. Kama linazimwa kwa umeme, chomoa waya wa solenoidi ya mafuta, ile nyingine iliyo kwenye pampu inayoruhusu au kuzuia mafuta kwenda kwenye injini, na uufunike ncha yake. Gia iwe huru na msaidizi akae kwenye kiti akiwa amekanyaga klachi. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za DC, ncha nyekundu iguse terminali ya kuingilia na ncha nyeusi iguse terminali ya stata, zote mbili nyuma ya swichi hiyohiyo, ufunguo ukiwa umezimwa.

Multimita inapaswa kuonyesha karibu volti zote za betri, tuseme 12.5, ingawa hujawasha kitu. Ncha moja inagusa chanya ya betri, na ya pili, kupitia swichi za usalama na koili ya solenoidi, imefika kwenye ethi. Kwa hiyo namba hiyo inakuambia, kabla hujazungusha ufunguo, kwamba njia yote iliyo mbele ya swichi ni nzima. Ikiwa badala yake unaona sufuri au namba inayoyumbayumba, na umehakikisha kwamba umeme unafika kwenye terminali ya kuingilia, njia imekatika mahali fulani kati ya swichi na solenoidi. Mwambie msaidizi aachie klachi na kuikanyaga tena, kisha auchezeshe mkono wa gia polepole ukiwa kwenye nafasi yake huru. Namba ikija na kupotea kadiri anavyochezesha, umempata mhalifu, naye ni swichi ya usalama au waya wake. Mara nyingi swichi ya klachi inakuwa imesogea tu kwenye bati lake, hivyo pedali haiisukumi hadi mwisho, na dawa ni kuilegeza nati, kuisogeza kidogo na kuikaza.

Ikiwa 12.5 imetulia, msaidizi azungushe ufunguo hadi nafasi ya kuwashia na aushikilie kwa sekunde mbili tatu. Stata itazunguka, na namba kwenye multimita inapaswa kuanguka hadi karibu na sufuri, yaani 0.1 au 0.2, kwa kuwa swichi nzima haipaswi kuzuia umeme. Nusu volti ni dalili ya uchovu. Volti mbili au tatu maana yake shaba za ndani zimeungua na solenoidi inapata mabaki. Namba ikigoma kabisa kwenye 12.5 huku ufunguo umezungushwa, swichi haishiki. Kwa kuwa hitilafu yako huja na kuondoka, kipimo kimoja hakitoshi. Rudia, ukiiachia stata ipumzike kati ya mara moja na nyingine, hadi trekta likatae mbele ya macho yako huku ncha za multimita ziko mahali pake. Namba ikianguka hadi karibu na sufuri na bado stata iko kimya, iache swichi ilivyo na uende ukapime kwenye terminali ndogo ya solenoidi.

Tuseme kipimo kimeihukumu swichi. Je, itengenezwe? Kabla ya kuifungua, tazama kwanza viunganishi vinavyochomekwa nyuma yake. Vile vya bapa, vyenye upana wa milimita 6.3 au 9.5, hulegea kwa mtikisiko wa trekta, na kiunganishi kilicholegea hupata joto, joto likazidi kukilegeza, hadi plastiki inayokizunguka inageuka rangi ya kahawia. Kama plastiki ya swichi yenyewe bado ni ngumu na bapa lake halichezi, usafishe kutu kwa msasa laini, ubadilishe kiunganishi, kisha upime tena. Si ajabu swichi ikapona bila kufunguliwa. Kama tatizo ni ufunguo kuwa mgumu kuingia au kugeuka, unga wa grafaiti unatosha. Oili na grisi zisiwekwe kwenye tundu la ufunguo, kwani hukusanya vumbi na baada ya muda hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Kufungua swichi ni jambo jingine. Nyingi zimefungwa kwa kukunjwa midomo ya bati kuzunguka sahani ya nyuma, na ukiinyanyua midomo hiyo, springi na kijigololi kidogo huruka na kupotea kwenye majani. Ndani utakuta sahani ya shaba yenye vishimo vyeusi. Unaweza kuisugua ing'ae, ukairudisha, na trekta likawaka vizuri kwa muda, lakini tabaka la juu la shaba limeshaondoka, springi imeshapoteza nguvu kwa joto, na midomo ya bati haibani tena kama ilivyobanwa kiwandani. Kwangu kazi hiyo ina maana kwa trekta la kale lisilopatikana swichi yake, au kwa mtu aliyekwama shambani anayetaka kurudi nyumbani. Wewe unayo mpya mkononi, hivyo ya zamani isikusumbue.

Tatizo la tano dhidi ya sita linatatuliwa kwa kutambua kazi za terminali zote kumi na moja. Hesabu na mpangilio wake visikutishe. Swichi nyingi hupigwa chapa. Kwa mfumo wa Ujerumani, 30 ni umeme wa betri unaoingia, 15 ni umeme unaotoka ufunguo ukiwashwa, 50 ni wa stata, na 58 ni wa taa. Kwingine utakuta herufi: B au BAT kwa betri, IG au IGN kwa umeme wa ufunguo, S au ST kwa stata, ACC kwa vifaa vidogo kama redio. Katika trekta la dizeli huwa pia na terminali ya hita, ile inayopasha joto plagi au hewa kabla ya kuwasha, na 19 ni mojawapo ya chapa zake. Usifunge swichi kwa kufuata mahali terminali ilipokaa, kwa maana swichi mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kuwa zimepangwa tofauti kabisa.

Chapa zikikosekana au zikitia shaka, multimita itakuambia. Swichi ikiwa mezani, haijaunganishwa na kitu, weka multimita kwenye mlio wa kupima mwendelezo (hulia ncha mbili zikiwa zimeunganika), ncha moja kwenye terminali ya betri, na uguse nyingine moja moja kwa kila nafasi ya ufunguo, ukiandika zinazolia. Ukiwa umezima, isilie hata moja, isipokuwa kama kuna nafasi ya taa za kuegeshea. Nafasi ya kwanza italiza terminali ya ufunguo na pengine ya ACC. Nafasi ya hita italiza ya hita. Nafasi ya kuwashia italiza ya stata, na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi hulipita: angalia kama terminali ya ufunguo inaendelea kulia wakati huo. Matrekta mengi yanayozimwa kwa umeme huhitaji solenoidi ya mafuta ipate umeme muda wote injini inapozungushwa. Kama swichi mpya huukata umeme wa ufunguo inapowasha stata, injini itazungushwa hadi betri ichoke bila kushika, na utaanza kuilaumu pampu isiyo na kosa. Swichi ya namna hiyo usiifunge.

Fanya hivyohivyo kwa swichi ya zamani, hata kama imeungua, kwa kuwa huwa haijaungua yote. Ukizilinganisha orodha mbili, terminali ya sita itajitambulisha. Ikiwa ni pacha wa terminali nyingine, yaani zinalia pamoja katika kila nafasi, nyaya zake mbili zinaweza kuunganishwa kwenye terminali moja ya swichi mpya kwa kiunganishi cha tawi, alimradi jumla ya mzigo haizidi uwezo wa terminali hiyo. Ikiwa ni ya ACC na trekta lako halina kifaa juu yake, ifunikwe ncha ya waya huo na ifungwe kando. Lakini ikiwa ni ya hita na swichi mpya haina, irudishe swichi ukachukue inayofaa. Kuna wanaoupeleka waya wa hita kwenye terminali ya ufunguo ili mambo yaishe; hita hubaki ikiwaka muda wote trekta linapofanya kazi, na huungua, ikiwa haijaunguza waya wake kwanza.

Kuifunga sasa ni kazi ndogo. Vua pete na saa. Fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye ethi, ambao kwa kawaida ni hasi; katika baadhi ya matrekta ya kale ya Uingereza chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, nayo ndiyo itakayotangulia. Piga picha ya nyuma ya swichi na uandike kila waya kwa kipande cha karatasi ya kunata, kwa kuwa rangi za nyaya za trekta la zamani zimeshachezewa na mikono mingi. Shika mwili wa swichi usizunguke unapolegeza nati yake ya mbele, uitoe kwa nyuma, hamisha nyaya moja baada ya nyingine, na uhakikishe kila kiunganishi kinaingia kwa kubana. Swichi ikae ili nyaya zitoke zikielekea chini kidogo kabla ya kupanda, maji ya mvua au ya kuoshea yasitiririke juu yake hadi ndani.

Kama ya zamani iliungua kweli, mpya nayo itaungua ikiachiwa mzigo uleule, na hapa ndipo ninaposhauri rilei ya stata, yaani swichi inayotumia umeme mdogo kufungulia njia umeme mkubwa, kwa trekta ambalo halikuja nayo. Chukua rilei ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 70 hivi, uifunge karibu na stata mahali pasipo na joto la ekzosi. Waya wa zamani uliokuwa unafika kwenye terminali ndogo ya solenoidi uchomoe hapo na uupeleke kwenye terminali ya rilei yenye namba 86. 85 iende kwenye ethi. 30 ipate umeme wa betri kwa waya mnene kupitia fyuzi inayolingana na waya huo. Na 87 iende kwenye terminali ndogo ya solenoidi. Kwa kuwa waya uliotumia umeshapita kwenye swichi za usalama, ulinzi wote unabaki kama ulivyokuwa, na swichi ya ufunguo inabaki na mzigo wa koili ya rilei, ambao ni sehemu ndogo ya ampea moja. Kama rilei imechorwa diodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani yake, usizigeuze 85 na 86, na kwa trekta lenye chanya kwenye bodi tumia isiyo na diodi.

Betri ikisharudishwa, waya wa ethi ukiwa wa mwisho, na kabla hujaurudisha waya wa solenoidi ya mafuta au mkono wa kuzimia, jaribu mambo mawili ukiwa umekaa kwenye kiti na hakuna mtu mbele wala nyuma ya trekta. Kwanza, zungusha ufunguo bila kutimiza sharti la usalama la trekta lako, iwe ni kukanyaga klachi au kuweka gia huru: stata isiitike. Ikiitika, huenda kuna mtu alishaunganisha nyaya za swichi ya usalama moja kwa moja zamani ili kuikwepa, na trekta lisitumike hadi hilo lirekebishwe. Pili, timiza masharti, washa, kisha uachie ufunguo na uangalie unavyorudi wenyewe kutoka nafasi ya kuwashia. Ukisita kurudi, stata itaendelea kuzunguka na injini hadi ijiunguze, na njia ya kuisimamisha ni kukata umeme kwenye betri, kwa hiyo swichi yenye springi goigoi hurudishwa ilikonunuliwa hata kama ni mpya. Yote mawili yakiwa sawa, rudisha mafuta, washa injini, taa ziwake, na baada ya dakika kumi peleka kidole nyuma ya dashibodi kwenye waya wa kuingilia. Uvuguvugu kidogo ni wa kawaida. Ukikuta joto la kukufanya uondoe kidole, zima, fungua ethi, na ukibadilishe kiunganishi hicho kabla plastiki mpya haijaanza kulainika.